Saini zote zipo

Agosti 2012 mpwa wangu alikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwa karibu wiki tatu daftari lake la Hisabati lilikuwa na tarehe, kichwa cha somo, na maneno manne: nakili zoezi, kazi binafsi. Hakuna vema, hakuna kosa, hakuna wino mwekundu popote. La Kiswahili hivyohivyo. La Sayansi halikuwa hata na kichwa cha somo.

Nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye subira zake, hakubishana nami. Alifungua kabati, akatoa daftari la mahudhurio ya walimu, akaligeuzia upande wangu. Saini zote zipo. Saa moja na dakika tano, saa moja na kumi, saa moja na robo. Hakuna aliyechelewa wala aliyekosa. Wakati naangalia zile saini, dirishani namwona mwalimu mmoja kaketi chini ya mwarobaini na simu yake, na darasa la jirani linapiga kelele kama soko la samaki.

Mapema mwezi huohuo, Agosti 2, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ilikuwa imeamua kwamba mgomo wa walimu ulioanza Jumatatu ya Julai 30 haukuwa halali. Chama cha Walimu kilikuwa kinadai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, na posho za kufundishia: asilimia 55 kwa walimu wa sayansi, 50 kwa wa sanaa, na 30 kwa walio kwenye mazingira magumu. Mahakama iliposema rudini, walirudi. Serikali ikatangaza kwamba hali imetulia, na kwa maana ya daftari la mahudhurio ilikuwa imetulia kweli.

Kwetu jina la nilichokiona pale lipo tayari, halihitaji kutafutwa: mgomo baridi. Mgomo wa kawaida una siku ya kuanza, una msemaji, una madai yaliyoandikwa kwenye karatasi, na siku moja unaisha. Mgomo baridi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Huwezi kuupeleka mahakamani kwa sababu hakuna aliyeuitisha, na huwezi kuumaliza kwa makubaliano kwa sababu hakuna wa kukubaliana naye. Ndiyo maana kila ninaposikia mtu anasifu sheria inayobana migomo kwa kusema imeleta utulivu kazini, huwa nataka nimwonyeshe lile daftari la Hisabati. Sheria za namna hii hazimfanyi mtu aache kugoma. Zinamwondoa yule ambaye ungeweza kukaa naye mezani.

Tuiangalie sheria yenyewe, maana wengi tunaizungumzia bila kuifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema katika kifungu cha 75 kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kugoma. Ukiishia hapo utalala usingizi mzuri. Ukifungua ukurasa unaofuata, kifungu cha 76 kinaanza kuhesabu wasiohusika: aliye katika huduma muhimu, aliyefungwa na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unaogusa jambo hilohilo, aliyekubali suala liende kwa mwamuzi, hakimu, mwendesha mashtaka na watumishi wengine wa mahakama. Kifungu cha 77 kinataja huduma muhimu zenyewe: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, pamoja na usafiri unaohitajika kuziendesha huduma hizo.

Hiyo orodha sina ugomvi nayo sana. Ninapokwama ni kwenye jambo dogo ambalo mtu akisoma haraka halioni. Sheria inagawanya migogoro mafungu mawili. Kuna mgogoro wa maslahi, yaani mnataka kitu ambacho bado hamna, kama nyongeza. Halafu kuna malalamiko, yaani mnadai kitu ambacho tayari ni chenu kwa mkataba au kwa sheria. Mgomo unaruhusiwa kwa fungu la kwanza tu. Fungu la pili linapelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au mahakamani.

Mwanasheria ataona mgawanyo huo una mantiki: haki iliyoandikwa inatafsiriwa na jaji, haigombewi kwa nguvu. Lakini kaa na mwalimu au muuguzi yeyote saa ya chai umuulize kinachomuuma. Ataanza na malimbikizo. Alipandishwa daraja, barua anayo, mshahara mpya haujaingia. Alihamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine, fedha ya uhamisho mpaka leo anasubiri. Alikwenda likizo kwa nauli yake mwenyewe akaambiwa atarudishiwa. Hayo yote ni malalamiko. Kwa jambo linalomuudhi kuliko yote, sheria imemnyima kugoma kabla hajafikiria kugoma. Wafanyakazi wa reli ya TAZARA waliogoma mara kadhaa katika muongo uliopita walikuwa wanadai mishahara ya kazi waliyokwisha kuifanya. Kwa mgawanyo huu, mtu anayetaka alipwe zaidi ana njia halali ya kugoma, na aliyefanya kazi asilipwe kabisa hana.

Na hata ile njia halali si fupi. Mgogoro upelekwe kwenye Tume. Usuluhishi upewe siku 30. Ukishindikana, wanachama wapige kura na wengi wakubali. Kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Kwenye karatasi si mbaya. Nchi nyingi zina ngazi za namna hiyo. Ila chama kikikosea hatua moja, mgomo wote ni batili, na aliyegoma amepoteza kinga yake dhidi ya kufukuzwa. Anayepima kama hatua imekosewa ni mahakama, na anayekimbilia mahakama hiyo ni mwajiri, ambaye kwa walimu, wauguzi na madaktari wengi ni serikali. Kuna nyongeza nyingine: ni marufuku kukusanyika mlangoni kwa mwajiri kuwashawishi wenzenu wasiingie kazini, ni marufuku kumfungia mwajiri ndani, ni marufuku kumzuia asiingie. Mtu anayekumbuka kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hawezi kusoma vifungu hivyo bila kutabasamu kidogo.

Ili Mount Carmel ieleweke, lazima turudi kwa Kawawa.

Rashidi Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955. Yeye na wenzake walijua mgomo ni nini. Walikuwa wamekuta mkoloni ameshakivunja chama cha makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1950 baada ya mgomo uliogeuka vurugu, na walikuwa wanaona kwa macho yao kwamba kukivunja chama hakukuwafanya makuli wapende mishahara yao. Katika muongo ule walijenga vyama upya, wakagoma, wakaitisha watu wasusie bia kuwaunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha bia. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma siku 82. Uhuru wa Tanganyika una jasho la vyama vya wafanyakazi ndani yake, na TANU ilikuwa inalijua hilo vizuri.

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na aliyeshika nafasi ni Kawawa. Ni katika mwaka huohuo, chini ya waziri mkuu aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi, Bunge lilipitisha sheria za kuvibana vyama hivyo. Sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ilifanya mgomo usiwezekane mpaka mgogoro upite kwenye usuluhishi na baraza la uamuzi, na waziri akiwa na mamlaka ya kuupeleka huko, mgomo halali ukabaki jina. Sheria ya vyama ikavilazimisha kuwa chini ya shirikisho moja, fedha zao zikiangaliwa na serikali. Viongozi waliopinga walitafutiwa pa kwenda. Kasanga Tumbo wa reli alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mapema 1963 alipelekwa Sumbawanga akakae huko. Januari 1964 wanajeshi walipoasi, viongozi wa vyama wapatao mia mbili walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL ilifutwa kwa sheria ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwajiri mkubwa kuliko wote nchini na mtetezi wa waajiriwa walikuwa wanakaa kiti kimoja.

Serikali ilikuwa na hoja, na sitaki kuidharau. Nchi ilikuwa changa na maskini, waajiriwa wa mshahara walikuwa wachache mno mbele ya wakulima, na hofu kwamba kila nyongeza ya mjini ingelipwa na mkulima wa kahawa au pamba haikuwa hofu ya kijinga. Na kwa miaka kadhaa hesabu ilionekana kukubali: migomo ilishuka sana. Mtu aliyeandika ripoti mwaka 1966 angesema dawa imefanya kazi.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao katika ibara yake ya 15 uliwakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma wakauchukulia kama barua waliyoandikiwa wao. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vya Dar es Salaam viliwaka migomo, mingine ya saa chache, mingine ya siku, na NUTA haikuitisha hata mmoja. Watu waliweka zana chini kwa sababu meneja amemtukana mwenzao. Walimfungia nje. Pale Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walimweka pembeni mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe, wakisema watakiendesha kwa niaba ya taifa. Serikali ilipigwa butwaa. Ingemwita nani ikulu? Katibu wa NUTA asingeweza kuwatuliza watu ambao hawakuwa wamemtuma, na wengi wao walimwona ni mtu wa upande wa pili. Miaka tisa ya kujenga chama kitiifu ilikuwa imezaa chama ambacho siku kinahitajika hakina wa kukisikiliza.

NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, ikaja TFTU, mpaka TUCTA, shirikisho la leo. Vyama sasa ni vingi na kisheria viko huru, na lazima nikiri kwamba sheria ya 2004 ni afadhali mara nyingi kuliko ile ya 1967 iliyouacha uamuzi wa mwisho wa migogoro kwenye baraza la kudumu la serikali. Lakini tabia ya chama kisichoweza kugoma haikuondoka. Fikiria unaongoza chama cha wafanyakazi ambacho silaha yake ya mwisho unajua hutaitumia, na mwajiri wako naye anajua. Utafanya nini na muda wako? Utajenga jengo. Utaandaa semina. Utagawa fulana na kofia za Mei Mosi. Mapato hayana shida, kwa kuwa makato yanatoka Hazina kabla mshahara haujamfikia mtu, na pale chama kilipo na wanachama wengi zaidi, sheria inaruhusu hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Walimu wamenung'unika kwa miaka kuhusu asilimia mbili ya mshahara inayokwenda chamani na fulana inayorudi. Ninawaelewa, ila nadhani wanakosea mlango wanaobisha. Uvivu wa vyama vyetu umeota kwenye udongo wa sheria. Chama kinachopata ada bila kuomba na kisichoweza kusimamisha kazi kitamwogopa mwanachama kwa lipi?

Matokeo yake ni hizi Mei Mosi zetu. Wafanyakazi wanaandamana na magari ya mfano, wanapita mbele ya jukwaa, risala inasomwa, kisha uwanja mzima unanyamaza kumsubiri Rais atakachosema. Mwaka 2022 pale Dodoma kauli ya Rais Samia kwamba lile jambo, yaani nyongeza, lipo ilizunguka simu zote nchini. Mwaka 2025 pale Singida alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kipande kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Ni fedha ya kweli, na waliopata walifurahi kwa haki. Ila angalia ilivyokuja. Inakuja kama mvua. Watu wanainua macho, wanasubiri, wanashukuru. Mwaka ambao hainyeshi, kama miaka ya Magufuli ambapo hata nyongeza ya kila mwaka ilisimama, hakuna pa kwenda kuuliza. Na mwaka 2010, pale TUCTA ilipojaribu kuuliza kwa kutangaza mgomo wa nchi nzima wa Mei 5 ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000, Rais Kikwete alikutana na wazee wa Dar es Salaam siku mbili kabla akasema wazi kwamba fedha hiyo haipo hata wagome miaka minane. Mgomo ukaahirishwa.

Sasa linganisha na Kariakoo. Mei 15, 2023 wafanyabiashara walifunga maduka. Walikuwa wamechoka na kamatakamata ya mamlaka ya kodi na sheria ya kusajili stoo. Hawakupiga kura. Hawakwenda kwenye Tume yoyote, hawakusubiri siku 30, hawakutoa notisi ya saa 48. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda mwenyewe kuzungumza nao, na wiki hiyohiyo mkutano ukafanyika Mnazi Mmoja, mawaziri wamekaa mbele wanasikiliza, mtu mmoja mmoja anashika kipaza sauti anamwaga ya moyoni. Juni 2024 walifunga tena, safari hii miji mingine nayo ikafuata, na serikali ikakaa nao tena.

Sisemi Kariakoo walikosea. Nasema mwalimu wa Mbagala aliyekuwa anatazama taarifa ya habari jioni ile alijifunza kitu, na hakukisomea semina. Mfanyabiashara hana sheria inayomwelekeza jinsi ya kugoma, kwa hiyo anagoma, na anasikilizwa. Mwajiriwa ana kurasa nzima za sheria zinazompa haki hiyo, na kwa sababu ya kurasa hizo hawezi. Utamlaumu akihitimisha kwamba anayefuata utaratibu ndiye mjinga?

Najua swali linalokuja: na mgonjwa je? Hilo ndilo swali gumu, na watu wa vyama huwa wanalikwepa. Mwaka 2012 niliona jirani akirudishwa na mama yake kutoka hospitali kwa bajaji kwa sababu hakukuwa na daktari wa kumpokea. Hakuna hoja ya haki za wafanyakazi ninayoweza kumpelekea mtu huyo ikamtosha. Daktari akiacha zamu, mtu anaweza kufa, na aliyekufa hafidiwi kwa nyongeza itakayofuata.

Ila tukumbuke mgomo ule wa madaktari ulikwendaje. Kwa kuwa madaktari wako kwenye orodha ya huduma muhimu, njia halali ya kugoma hawakuwa nayo. Kilichojitokeza ni Jumuiya ya Madaktari, kundi ambalo halikuwa chama cha wafanyakazi, na ambalo serikali mara kwa mara ilisema hailitambui. Ilisema hailitambui, kisha ikazungumza nalo, kisha ikasema tena hailitambui. Februari kazi ikarudi baada ya Waziri Mkuu Pinda kwenda Muhimbili. Mei Waziri wa Afya na naibu wake wakaachwa kwenye mabadiliko ya baraza. Juni mgomo ukarudi ingawa mahakama ilikuwa imeuzuia, na usiku wa Juni 26 kiongozi wa Jumuiya, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande. Madaktari waliokuwa kwenye mafunzo ya vitendo wakaondolewa hospitalini. Mgonjwa hakulindwa na marufuku. Alikosa daktari kama ambavyo angekosa mgomo ungekuwa halali, na zaidi ya hapo akakosa ile zamu ya dharura ambayo mgomo halali wenye makubaliano ungeweza kuipanga.

Wenzetu wa Kenya walipita barabara hiyohiyo kwa gari kubwa zaidi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 41, inataja haki ya kugoma kwa jina. Yetu hailitaji neno hilo popote. Pamoja na hayo, madaktari wao walipogoma Desemba 5, 2016 wakidai serikali itekeleze mkataba iliousaini mwaka 2013, mahakama ilisema mgomo umesimamishwa. Hawakurudi. Februari 13, 2017 viongozi wa chama chao walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau amri ya mahakama. Ungedhani mgomo ungeanguka siku hiyo. Wale waliokuwa hawajaamua waliamua, na hasira ikahama kutoka kwenye mshahara kwenda kwenye kufungwa kwa viongozi. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani iliwatoa, kwa sababu rahisi ambayo mtu yeyote sokoni angeweza kuisema bure: huwezi kujadiliana na watu walio gerezani. Mgomo uliisha Machi 14, siku ya 100, mezani. Mwaka 2024 madaktari haohao waligoma siku 56, na mahakama ilitoa amri tena, na tena hazikuwarudisha.

Mfano wa mbali kidogo, kwa sababu sheria zetu za kazi zina damu ya Uingereza. Huko serikali ya Conservative ilipitisha sheria mwaka 2016: kura ya mgomo, ambayo tayari ilikuwa lazima ipigwe kwa posta, isihesabike mpaka nusu ya wanachama wote wapige, na ruhusa ikipatikana iishe baada ya miezi sita. Lengo lilikuwa kupunguza migomo. Mwaka 2022, mfumuko wa bei ulipopanda, Waingereza walipoteza siku za kazi zipatazo milioni 2.5 kwa migomo, idadi ambayo haikuonekana tangu 1989. Vyama vilijifunza kuhesabu wanachama wao mmoja mmoja, kupiga simu, kukumbusha bahasha. Wakavuka kizingiti, na mgomo uliovuka kizingiti hicho ulikuwa na uhalali ambao hakuna waziri angeweza kuudharau. Serikali ikaongeza sheria nyingine Julai 2023, ya kuwalazimisha baadhi ya wafanyakazi waingie kazini siku ya mgomo ili huduma ya kiwango cha chini iwepo. Januari 2024 kampuni moja ya treni, LNER, ilijiandaa kuitumia. Chama cha madereva kikajibu kwa kutangaza siku tano zaidi za mgomo. Kampuni ikarudi nyuma. Desemba 2025, chini ya serikali ya Labour, sheria hiyo ilifutwa bila kumrudisha kazini hata dereva mmoja.

Kwa haki niseme kwamba kizingiti kiliwahi kuuma. Wauguzi wa England mwaka 2023 walipiga kura ya pili, asilimia 84 ya waliopiga wakasema tugome, lakini waliopiga walikuwa asilimia 43 tu, kwa hiyo hakuna mgomo. Ushindi wa serikali? Mwaka 2024 walikataa nyongeza waliyopewa. Mwaka 2025 wakaikataa nyingine. Mgogoro upo palepale, umekosa tu tarehe.

Mimi nisingeanzia kwenye orodha ya huduma muhimu. Ningeanzia kwenye malimbikizo. Mwajiri anayedaiwa deni lisilobishaniwa, lenye barua na saini yake, apewe siku za kulipa, na zikipita bila malipo, hilo deni lihesabiwe kuwa sababu halali ya kugoma. Mtu mwenye deni hana haki ya kudai utulivu kwa anayemdai. Kisha huyo daktari, huyo muuguzi, huyo fundi wa umeme ambaye kwa sababu nzuri tumemnyima kugoma, apewe mwamuzi asiyekuwa mtu wa serikali, mwenye siku za kuhesabika, na uamuzi wake uifunge Hazina kama unavyomfunga yeye. Leo tumemchukulia silaha bila kumpa cha kushika badala yake. Haya yote yanahitaji marekebisho ya sheria ambayo hayana gharama kubwa. Gharama iko kwenye kulipa.

Miezi michache baada ya lile daftari la Hisabati, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitoka, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, sababu nyingi zikatajwa. Sitasema ni mgomo baridi. Vitabu, maabara na mitaala vilikuwa na mashtaka yao. Lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza walimu walikuwa wanafanya nini darasani Agosti ile, na kwa kweli angemuuliza nani?

Yule mwalimu mkuu amestaafu sasa. Tulikutana msibani mwaka jana, nikamkumbusha siku ile, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniambia kwamba wiki iliyofuata baada ya mimi kuondoka, mkaguzi alifika shuleni. Alikagua lile daftari la mahudhurio ukurasa kwa ukurasa, akapiga mhuri, na chini yake akaandika kuipongeza shule.